Adui Hasomi Bajeti

Njiti moja ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, pale mtaani Lizaboni, kisanduku kikiwa wazi juu ya goti, akipasua njiti moja baada ya nyingine, na kila aliyepita na kumwamkia shikamoo alijibiwa marahaba bila yeye kuinua macho. Wakati huo viberiti vilikwisha kurudi madukani. Miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni ilikuwa imepita, sasa ilikuwa miaka ya ruksa, na mjini Songea mtu mwenye hela zake aliweza kununua viberiti hata katoni nzima. Yeye aliendelea kupasua. Mke wake alituambia sisi watoto wa jirani, "Mwacheni huyo. Akinunua jogoo atampasua apate wawili."

Tulimwita Mshauri. Ndicho kilichokuwa cheo chake, mshauri wa mgambo, mtu aliyelipwa na serikali kuwafundisha raia wa kawaida, wakulima na mafundi na vijana wasio na kazi, namna ya kulinda nchi yao. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake waulizwe wanaozijua. Mimi nilimjua kwa sababu jiko lake lilitazamana na dirisha letu, na kwa sababu yeye na baba yangu walibishana kwa miaka mingi, kibarazani kwetu, juu ya jambo moja tu: nchi ikipunguza fedha za ulinzi, je, inabaki imelindwa?

Kwao lile halikuwa swali la gazetini. Kusini kwetu kuna mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto, miaka ile, kulikuwa na vita. Wakimbizi walivuka na mikeka vichwani. Nyuma ya wakimbizi, siku nyingine, walivuka watu wenye bunduki waliotaka mahindi, mbuzi, na wasichana wa kuwabebea mizigo. Mshauri alikuwa amejiapiza kwamba vijiji vya ukingoni havitakaa bila mlinzi maadamu yeye yu hai. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine. Hakutaka nyumba ya matofali ya kuchoma, hakutaka cheo kikubwa zaidi, hakutaka hata baiskeli. Alitaka mto uwe na watu.

Alikuwa mfupi, mkavu, na shingo yake ilikuwa imepinda kidogo kushoto, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akimwita kutoka upande huo siku zote. Kaptura yake ya kaki ilikuwa na viraka vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, lakini mkunjo wa pasi ulisimama mbele wima kama ukuta. Uwanjani sauti yake ilifika hadi sokoni. Nyumbani alinong'ona, hadi mke wake akawa anamwambia, "Sema basi, hatuko doria." Kanisani hakuketi. Alisimama nyuma kabisa, ubavu mmoja akiuelekeza altareni na mwingine mlangoni, misa yote. Padri alimwita siku moja mbele yetu sote: "Mzee, Mungu yuko huku mbele."

"Najua, Padri," alijibu. "Huko mbele mko wengi."

Ungeweza kumcheka, na watu walimcheka. Lakini niliwahi kuona, mvua ya kwanza ya Novemba ilipoleta radi na watoto wa mtaa wakapiga kelele, jinsi mtu huyu alivyotoka nje, akasimama katikati ya uwanja akilowa, akatutazama mmoja mmoja hadi tukanyamaza. Tulinyamaza kwa sababu alikuwepo. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dini yake: kwamba hofu ya watu hupungua wakiona kuna mtu amesimama.

Baba alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali, upande wa mipango, na alikuwa miongoni mwa wale walioambiwa watafute cha kupunguza. Jioni alirudi na macho mekundu. Mshauri alimsubiri kibarazani, mama akiwawekea chai, na mimi nikikaa mlangoni na ungo wa maharage.

"Nchi imekopa, Mshauri," baba alisema. "Waliotukopesha wanataka tubane matumizi. Nisipokata kwako, nikate wapi? Zahanati haina dawa. Ruzuku ya mbolea inaondoka. Mkulima wa Namtumbo utamwambia nini?"

"Mwambie adui hasomi bajeti."

"Malaria nayo haisomi."

"Malaria haichomi nyumba, Baba Otilia."

"Ilichoma ya kwangu," baba alisema.

Mdogo wangu alikuwa amefariki kwa malaria mwaka uliotangulia, na aliyembeba mgongoni hadi hospitali, gari lilipokosekana, alikuwa Mshauri mwenyewe. Alikizungusha kikombe chake kwenye sahani. "Nisamehe," alisema kwa ile sauti yake ya nyumbani. "Nisamehe sana." Kesho yake walianza tena palepale walipoachia.

Mimi nilikuwa upande wa baba, kisha upande wa Mshauri, kisha upande wa baba, kutegemea nani alikuwa amesema mwisho. Sasa nikikumbuka, naona kwamba kati yao hakuna aliyekuwa mjinga. Baba alijua kwamba bunduki haimnyonyeshi mtoto. Mshauri alijua kwamba mtoto aliyenyonyeshwa vizuri anaweza kuchukuliwa asubuhi moja na mtu mwenye bunduki. Kila mmoja alikuwa ameona kaburi la upande wake.

Lakini Mshauri alikuwa na ugonjwa mmoja, na ndio uliotufikisha tulikofika. Alilalamikia kila kilichokatwa, halafu akajivunia kwamba anaweza kuendelea bila hicho. Walipokata buti, aliwafundisha vijana kwata kwa kandambili za matairi, akaja kutuambia kwamba mguu wa mpira hausikiki msituni. Walipokata unga wa kuwalisha, kila kijana alikuja na unga wake katika kifuko, na Mshauri akasema sasa wanajifunza kujitegemea. Walipokata risasi za shabaha, aliwafundisha kulenga kwa kuziba jicho na kushika pumzi. Mwisho bunduki zenyewe zikarudishwa ghalani, zikafungiwa, na yeye akawaagiza kila mmoja achonge ya kwake kwa mkaratusi, akaitazama kila moja, akaipima mkononi, na zile nyepesi akazirudisha zikaongezwe chuma chakavu kwenye kitako.

Waliopita njia waliwatania. "Jeshi la kuni hilo. Mkimaliza vita mtapikia." Vijana waliona haya. Mshauri hakuona haya hata chembe.

"Ona," alimwambia baba. "Wamekata kila kitu, na mgambo upo."

"Ndiyo maana watakata tena," baba alimjibu. "Wewe ndiye unayewapa hoja. Kule ofisini wanasema, tulimnyima buti, mgambo haukufa. Tukamnyima unga, haukufa. Anguka mara moja, Mshauri, waone."

"Nianguke, halafu mtoni abaki nani?"

Baba alimwongezea chai.

Kisha wakachukua uwanja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Biashara ilikuwa imeruhusiwa, wauza mitumba walihitaji mahali, na uwanja wa kwata ulikuwa tambarare na karibu na barabara. Asubuhi moja vijana walifika na bunduki zao za mbao wakakuta marobota ya nguo yamefunguliwa na akina mama wanapigania mashati. Mshauri aliwahamishia nyuma ya ghala moja la mahindi, kwenye ujia kati ya ukuta na uzio, mahali ambapo watu wawili wakisimama bega kwa bega wanagusa pande zote mbili.

Hapo ndipo alipobadilisha ukaguzi. Desturi ya ukaguzi ni hii: watu wakirudi doria, husimama mstari mmoja, mdomo wa bunduki ukitazama juu, kila mtu hutoa magazini, kile kikasha cha risasi, huvuta komeo la bunduki kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, husema "Tupu," ndipo hufyatua kuelekea mawinguni. Katika ule ujia mstari haukuwezekana, na juu kulikuwa na nyaya za umeme ambazo mbao zilizigusa. Basi Mshauri aliwapanga wawili wawili, uso kwa uso. Mmoja alivuta komeo, mwenzake aliangalia na kusema "Tupu" kwa niaba yake, ndipo wa kwanza akafyatua. Aliufurahia uvumbuzi huo. Alisema unawafundisha vijana kuaminiana. Na kweli, kila jioni tuliwasikia kutoka nyuma ya ghala, "Tupu, tupu, tupu," haraka haraka, wakiwahi kwenda nyumbani, kwa maana mbao ni tupu siku zote.

Kastuli na Fidelis walikuwa jozi moja. Kastuli alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mcheshi, mtoto pekee wa mama yake. Fidelis aliuza mitumba palepale uwanja ulipokuwa.

"Wewe ndiye uliyetunyang'anya uwanja," Kastuli alimwambia, nami nikipita na ndoo.

"Na wewe hilo shati ulilovaa nani alikuuzia?"

"Uliniuzia halina vifungo."

"Mgambo hahitaji vifungo. Muulize Mshauri."

Mshauri aliwasikia, akageuka ukutani ili wasimwone akicheka.

Msimu wa mavuno kijiji kimoja cha ukingoni kilivamiwa. Watu wa kule waliomba walinzi, na wakubwa, baada ya kusitasita, wakatoa bunduki chache za zamani kutoka ghalani, na risasi chache, na lori. Mshauri aliwachagua vijana wake bora. Nilimwona walipokuwa wakiondoka. Alikuwa amesimama nyuma ya lori akiishika bunduki ya kweli kwa mikono miwili, na shingo yake, naapa, ilikuwa imenyooka.

Yaliyotokea huko nayasimulia kama alivyomweleza baba alaasiri moja kibarazani. Walitembea ukingoni tangu alfajiri hadi jua la utosi. Hawakuona mtu. Watu wa kijiji waliwaona wao, na akina mama walioanza kufunga mizigo ili wakimbilie ndani zaidi waliifungua. Waliporudi kwenye ua wa shule ya kijiji, Mshauri alitoa amri ya ukaguzi, kisha akageuka kupokea kata ya maji aliyoletewa na mwalimu mkuu. Nyuma yake ulikuwa uwanja mpana, usio na ukuta wala uzio, na mbingu tupu juu. Vijana walisimama wawili wawili, uso kwa uso, kama walivyozoea katika ujia wa ghala. Fidelis hakutoa magazini kwanza, kwa kuwa bunduki ya mbao haina magazini, akavuta komeo, na risasi ikaingia mtutuni. Kastuli alisema "Tupu" kabla hajatazama, kwa kuwa ndivyo walivyosema siku zote. Na Fidelis akafyatua.

"Nilikuwa nimeshika kata," Mshauri alimwambia baba. "Sikuidondosha. Niligeuka nikiwa bado nimeishika."

Lori la mahindi lilimchukua Kastuli kuelekea hospitali ya Peramiho, Mshauri akiwa naye juu ya magunia. Kastuli hakufika akiwa hai. Fidelis alifungwa mikono kwa kamba ya katani na wenzake wenyewe, wakilia. Doria nzima iliamriwa kurudi Songea kutoa maelezo. Wiki ileile watu wenye bunduki walivuka tena mto, wakaingia katika kijiji ambacho kilikuwa kimefungua mizigo yake.

Baba ndiye aliyetumwa na wakubwa kumletea Mshauri ujumbe. Nakumbuka hakukaa kwenye kiti. Alisimama akishika nguzo ya kibaraza.

"Wanataka useme kijana alikuwa amekunywa."

"Fidelis hanywi."

"Najua. Ukisema alikunywa, ni kosa la mtu mmoja. Atakwenda jela, na mgambo utaendelea. Watakupa hata uwanja mwingine. Ukisema ni mafunzo, watafunga yote, na wewe watakuondoa."

Mshauri aligeuka kutazama nyumba yake. Jikoni kwake mke wake alikuwa ameacha kusugua sufuria. Nami nilielewa, ingawa nilikuwa bado msichana mdogo, alichokuwa akipima. Upande mmoja kulikuwa na kijana mmoja anayeuza mashati. Upande wa pili kulikuwa na ule mto, vijiji vyake vyote, na kile kitu pekee alichowahi kukitaka.

"Wewe ungesema nini?" alimuuliza baba.

"Mimi nimeleta ujumbe tu."

"Nimekuuliza wewe, Baba Otilia. Si ofisi."

Baba alitazama chini. "Sijui," alisema. "Nisingependa kuwa wewe."

Mshauri alisema ukweli. Alikwenda akaeleza yote, ujia, nyaya, uso kwa uso, akasema ni yeye aliyewafundisha hivyo na akaonyesha kwa mikono. Fidelis aliachiwa baada ya miezi kadhaa akahamia Tunduru, na sikusikia tena habari zake. Mafunzo ya mgambo upande wetu yalifungwa. Mshauri aliondolewa bila kiinua mgongo. Vijiji vya ukingoni vilibaki na filimbi na mbwa wao, hadi vita ya ng'ambo ilipokwisha yenyewe, watu walipokaa mezani wakapatana. Haikuisha kwa bunduki zetu wala kwa mbao zetu. Baba alilitamka hilo mara moja, si kwa ushindi. Baada ya hapo waliacha kubishana. Walikaa kibarazani wakinywa chai kama watu wanaosubiri gari.

Mara ya mwisho nilimwona nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima anayeishi kwingine. Nilikuwa nimekuja kumuuguza shangazi Peramiho, na mchana mmoja nilipotembea kando ya barabara kunyoosha miguu, nilimwona shambani, amepinda juu ya tuta, jembe likipanda na kushuka. Kaptura ilikuwa ileile au ndugu yake. Nilimwamkia. Alinitambua kwa sauti kabla ya uso.

"Otilia. Baba yako hajambo?"

"Hajambo kidogo, babu. Miguu inamsumbua."

"Mwambie atembee."

Nilimuuliza shamba ni la nani. Alionyesha kwa kidevu nyumba ya nyasi mwisho wa matuta. Lilikuwa shamba la Mama Kastuli. Mshauri alikuwa amekuja na jembe msimu wa kwanza baada ya mazishi, akaanza kulima pembeni bila kuomba, na mama yule hakumfukuza wala hakumwamkia. Msimu wa pili alikuja tena. Sasa mchana mama alimletea chakula, akaiweka sahani chini juu ya jani la mgomba, akarudi ndani. Miaka yote hiyo hawakuwa wamezungumza.

Nilikuwa kijana, na vijana wana ukatili wa kuuliza. Nikamuuliza kama anaamini kwamba waliomwua Kastuli ni wale waliokata fedha.

Aliegemea mpini. "Zamani ningesema hivyo," alisema. "Kukata kunadhoofisha, usidanganywe. Lakini nchi ikiwa haina, haina. Baba yako alikuwa na haki ya kununua dawa. Lakini walipokata fedha, walitakiwa wakate na kazi yenyewe. Waseme, mto huu hatuwezi kuulinda, jihadharini. Watu wangehama. Wangelala porini. Wangefanya lolote. Sisi tuliwapelekea walinzi wa mbao, na wao wakatuona, wakafungua mizigo." Alifuta jasho kwa kiganja. "Na mimi ndiye niliyefanya mbao zionekane kama bunduki. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote mkoa huu."

Mama Kastuli alitoka na ugali, maharage na kopo la maji. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya kifua, na aliitikia shikamoo yangu vizuri. Aliweka chakula mbele ya Mshauri kama ilivyokuwa kawaida yake, na Mshauri akaketi kula. Lakini hakurudi ndani. Labda ilikuwa kwa sababu mimi nilikuwepo, mtu wa tatu, au kwa sababu alikuwa amesikia. Alisimama akiutazama mlima wa Matogoro kwa mbali, akauliza bila kumgeukia:

"Kwenye lile lori alisema nini?"

Mshauri alirudisha tonge kwenye sahani.

"Aliuliza mtoni amebaki nani."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia wamebaki wengi."

"Walibaki?"

"Hakubaki mtu, mama."

Upepo ulipita kwenye mahindi machanga. Mama Kastuli alikunja midomo, akaikunjua.

"Afadhali," alisema. "Alikufa akijua kuna watu."

"Ndivyo tulivyowaambia wote."

Mama Kastuli alimimina maji kwenye mkono wake wa kulia, akaukung'uta, akaketi juu ya udongo uliolimwa, akamega ugali kutoka sahani ileile. Mshauri alibaki ameketi mbele yake, mkono juu ya goti, asijue kama ameruhusiwa kuendelea kula.